Kasiki la Vigan na Siki ya San Ildefonso

Ipo sera moja inayopendwa sana na wizara za viwanda na biashara katika nchi zetu hizi, nayo haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1979 Morihiko Hiramatsu, gavana wa mkoa wa Oita nchini Japani, aliwahimiza wanavijiji kila mahali wachague bidhaa moja wanayoimudu kuliko wenzao, waing'arishe, kisha waiuze mbali. Wazo likasafiri. Thailand ililichukua mwaka 2001, Ufilipino ikafuata miaka michache baadaye kwa jina la mji mmoja bidhaa moja, na mwaka 2023 ikalipa nguvu ya sheria. Malawi na Kenya nazo ziliwahi kulipokea kwa msaada wa Wajapani. Mvuto wake nauona: linaeleweka upesi, linachoreka kwenye ramani, na kila diwani anapata cha kujivunia. Mimi leo nalitilia shaka, na ushahidi wangu nautoa Ilocos Sur, mkoa wa pwani kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, ambako mtu akitazama juu juu atadhani sera hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla Hiramatsu hajazaliwa.

Ilocos Sur ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya bahari na milima ya Cordillera. Una miji 34, miwili kati yake, Vigan na Candon, ikiwa na hadhi ya jiji, na karibu kila mmoja una jina lake sokoni. Vigan inasifika kwa mitungi. San Ildefonso kwa pombe ya miwa na siki, Sinait kwa vitunguu saumu, San Vicente kwa maseremala na wachongaji, San Esteban kwa vinu na mawe ya kusagia, Candon kwa tumbaku. Ardhi ya kulima ni haba, na kiangazi ni kirefu: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huwa ni ya kuhesabu. Kwa sababu hiyo Wailokano, wenyeji wa Ilocos, ni watu wa kuhama tangu zamani. Kundi la kwanza la vibarua Wafilipino waliofika Hawaii mwezi wa Desemba 1906, wanaume 15 waliokwenda kukata miwa, lilitoka Candon. Na waliobaki nyumbani walilazimika kuwa mafundi wa kuhifadhi. Chakula cha msimu wa mvua kiliwe msimu wa jua; samaki wa leo aliwe miezi mingi baadaye. Ukiitazama ile orodha ya bidhaa kwa jicho hilo utaona nyingi zinazungukia kazi moja, yaani kuzuia kitu kisioze. Hoja yangu ni kwamba bidhaa hizo haziishi kila moja kivyake. Zinanunuana. Mpango unaozitenga mji kwa mji, kila moja na nembo yake na banda lake la maonyesho, unaweza kuziua huku ukizipigia makofi.

Tuanze na mtungi, maana ndio wenye mengi ya kusema. Wenyewe wanauita burnay, na mtaa wa wafinyanzi huko Vigan unaitwa Pagburnayan. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tungeuita kasiki, kwa umbo lake la tumbo kubwa na mdomo mwembamba. Ufundi huu ulikuja na wahamiaji kutoka Uchina, na baadhi ya familia zenye asili hiyo ndizo zilizoushikilia mpaka sasa. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na mchanga laini, ukamwagiwa maji, kisha nyati wa kufugwa akaswagwa juu yake, akazunguka na kuzunguka mpaka kwato zake ziwe zimeukanda ukalainika wala hauna tena mapovu ya hewa. Fundi hukalia gurudumu linalozungushwa kwa mguu, naye huinua kuta za mtungi kwa vidole vilivyolowa. Tanuri lenyewe si shimo la kuchomea vyungu tulilolizoea. Ni handaki refu la matofali lililojengwa kwenye mteremko: moto huwashwa chini, ndimi zake zikapanda ndani kwa ndani zikiipita mitungi iliyopangwa mmoja baada ya mwingine hadi juu. Joto lake ni kali kiasi kwamba udongo hutoka mgumu kama jiwe, wa rangi ya kahawia iliyokoza, usiovuja ingawa haukupakwa rangi ya kung'arisha. Sitadai, kama wadaivyo wauzaji, kwamba mtungi unakipa kinywaji roho. Ninachodai ni kidogo na kinatosha: siki hula chuma, chumvi hula chuma, lakini kasiki la Vigan haliliwi na chochote kati ya hivyo, na mjukuu hulirithi kwa babu likiwa bado linafanya kazi.

Na kazi yake kubwa iko mwendo mfupi tu kutoka hapo, San Ildefonso. Huko miwa hukamuliwa, maji yake yakachemshwa katika sufuria kubwa, yakatiwa magome na majani ya mti wanaouita samak pamoja na chachu ya unga wa mchele, kisha yakamiminwa kwenye makasiki na midomo ikafungwa kwa majani ya mgomba. Miezi ikipita inapatikana pombe ya miwa, aina ya dengelua, wanayoiita basi. Muda ukizidi na hewa ikipenya, inachachuka na kuwa siki nzito yenye rangi ya kahawia. Pombe na siki ni ndugu wa tumbo moja. Mtengenezaji mwenye akili hapotezi kitu: isiyofaa kunywewa itafaa jikoni. Kutoka hapo siki inakwenda Vigan kuungwa na vitunguu saumu vya Sinait katika soseji fupi nene za nguruwe ambazo mji huo unajulikana nazo nchi nzima (Waislamu miongoni mwetu wanisamehe, hazitafika mezani kwetu). Inakwenda pia kwenye kibakuli kinachowekwa kando ya sambusa za rangi ya chungwa zinazokaangwa kandokando ya uwanja wa mji, ambazo hakuna Mvigan atakayekubali kuzila kavu.

Serikali ya kikoloni ya Kihispania ililijua hili, ndiyo maana ilitia mkono pale pale. Mwaka 1786 ilijitwalia utengenezaji na uuzaji wa pombe ya miwa, ikawapiga marufuku watu kujitengenezea yao. Septemba 1807 uasi ukalipuka huko Piddig, katika Ilocos ya kaskazini, wapiganaji wakateremka kusini kuelekea Vigan, na tarehe 28 ya mwezi huo wakavunjwa kwenye mto Bantaoay, San Ildefonso. Mwaka 1821 mchoraji Esteban Villanueva aliyachora matukio hayo katika picha 14, hata nyota ya mkia iliyoonekana angani mwaka wa uasi akaitia, na picha hizo ziko Vigan katika jumba la makumbusho hadi leo. Vitabu vya shule husema watu walipigania kinywaji chao. Mimi nasoma zaidi ya hapo. Marufuku ile ilimgusa mlima miwa, mkamuaji, mfinyanzi wa makasiki, mchuuzi wa siki na mwanamke anayehifadhi samaki, wote kwa pigo moja. Watu wa miji tofauti hawaandamani bega kwa bega kwa ajili ya kileo. Huandamana wanapoona riziki zao zimefungwa kwa kufuli moja.

Kasiki lina mteja mwingine pwani kabisa. Dagaa wabichi huchanganywa na chumvi nyingi, wakafungiwa humo kwa miezi hadi wakayeyuka wakawa uji mzito wenye harufu kali, unaoitwa bagoong, na maji yake yanayoelea juu yakachujwa kuwa kiungo cha pekee. Ndiyo kitoweo kinachokolezea mboga za Wailokano: mabiringani, bamia, karela, vyote vikapikwa chungu kimoja mpaka vikasinyaa. Ondoa chumvi, hakuna bagoong. Na chumvi ndiyo iliyoondolewa. Mwaka 1995 Bunge la Ufilipino lilipitisha sheria kwamba chumvi yote itiwe madini joto, kwa nia njema ya kupambana na rovu na kudumaa kwa akili za watoto. Mzalishaji mdogo aliyechemsha maji ya bahari kando ya ufuko hakuwa na mashine wala mtaji wa kutimiza sharti hilo. Sheria ile wengi wanaitaja kuwa miongoni mwa sababu za nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000 kujikuta ikiagiza sehemu kubwa ya chumvi yake kutoka nje, na mwaka 2024 ilibidi itungwe sheria nyingine ya kuifufua sekta hiyo. Mwaka huohuo wa 1995 Ufilipino ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani, na vitunguu saumu vya bei ya chini kutoka Uchina vikaanza kufurika. Sinait ikabaki na sifa, mashamba yakapungua. Siki nayo, ukipita barabara kuu leo, utaiona imening'inizwa vibandani katika chupa za plastiki.

Angalia pigo lilikotoka katika kila mojawapo ya mambo haya. Hakuna mji ulioshindwa kuitangaza bidhaa yake. Sinait haikukosa nembo. Kilichokatika ni kiungo baina ya bidhaa na bidhaa, na sera inayohesabu bidhaa mojamoja haina jicho la kukiona, kwa sababu kiungo hakina mji, hakina mheshimiwa wa kukisemea, wala hakiwekwi kwenye banda la maonyesho.

Nitaambiwa: Vigan imekwisha kupata jibu, nalo ni utalii. Jibu hilo halipaswi kudharauliwa. Mji ule, ulioanzishwa rasmi na Juan de Salcedo mwaka 1572, uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kanisa la Santa Maria, lililo kusini yake juu ya kilima, lilikuwa limetangulia mwaka 1993. Mwaka 2012 UNESCO iliitaja Vigan kuwa mfano bora wa usimamizi wa mji wa urithi. Magari yamezuiwa katika mtaa wa Crisologo, farasi wanavuta mikokoteni ya abiria juu ya mawe, na nyumba za matofali zilizopakwa chokaa, zenye madirisha ya vigae vya chaza, zimesimama pande zote mbili. Lakini nyumba zile zinasema nini kwa mwenye kusikiliza? Ghorofa ya chini haikujengwa kwa ajili ya kukaa watu. Ilikuwa ghala na njia ya gari la farasi. Wafanyabiashara wenye damu ya Kichina na ya Kiilokano walilala juu ya shehena zao za nguo, nili na tumbaku, na faida ya shehena hizo ndiyo iliyonunua matofali. Ghala sasa limekuwa duka la zawadi, na baadhi ya zawadi hizo hazikutengenezwa hata ndani ya mkoa.

Tena utalii ni mteja mwenye mambo yake. Kuanzia Machi 2020 hadi Februari 2022 Ufilipino ilifunga milango kwa watalii wa kigeni kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Haikupita miezi 6 tangu ifunguliwe, tarehe 27 Julai 2022, tetemeko la kipimo cha 7.0 lililoanzia mkoa jirani wa Abra likapasua kuta za nyumba za Vigan na kubomoa sehemu ya mnara wa kengele wa mji jirani wa Bantay. Wakati wote huo Mwilokano aliendelea kula bagoong na siki. Lakini lililo baya zaidi halitokani na misiba. Mtalii ananunua mtungi anaoweza kuubeba kwenye ndege. Hoteli inanunua chungu cha maua, chenye tundu chini. Mfinyanzi huwafinyangia hao wanaolipa, na kijana anayejifunza kwake hujifunza kinachouzika. Chungu cha maua hakihitaji kuzuia tone la siki kwa miaka 3, wala kuta zake hazihitaji unene ulio sawa kutoka shingoni hadi kitakoni. Kwa hiyo mtaa wa wafinyanzi unaweza kubaki umejaa wafinyanzi, magurudumu yakizunguka mbele ya kamera, huku ujuzi wa kutengeneza kasiki kubwa lisilovuja ukiondoka na wazee wawili watatu, na takwimu za bidhaa ya mji zikionyesha kwamba mauzo yamepanda.

Pingamizi zito zaidi ni la nguo. Kitambaa cha abel, kinachofumwa kwa mkono hasa katika kijiji cha Camanggaan, kilikuwa na mnyororo wake kamili: pamba ililimwa Ilocos, ikasokotwa na kufumwa humohumo. Wahispania walikidai kama kodi, na kuna matanga ya merikebu za Manila zilizokwenda Acapulco yaliyotokana na mikono hiyo. Pamba ile leo imetoweka kiasi kikubwa, na nyuzi zinanunuliwa madukani zikiwa zimetoka viwandani. Mbona vitanda vya mfumi bado vinalia? Je, hilo halithibitishi kwamba ufundi unaweza kuishi baada ya jirani yake kufa? Linathibitisha kwamba unaweza kuishi, hilo nalikiri. Ila tuulize unaishi vipi. Rangi anazotumia mfumaji ni zile alizoletewa na muuza nyuzi. Bei ya nyuzi ikipanda Manila, yeye hawezi kumgeukia mkulima wa jirani. Anapunguza ujira wake mwenyewe au anachanganya nyuzi za plastiki. Mashuka yenye nakshi ya binakol, miraba inayopindapinda mpaka macho yanazunguka, bado ni ya kupendeza, na mimi sina hamu ya kuyatangazia kifo. Lakini sehemu ya faida iliyokuwa ikibaki kijijini, kwa mkulima na msokotaji, haibaki tena. Kama hiyo ndiyo hali ya bidhaa iliyonusurika vizuri kuliko zote, tusiifanye kuwa kielelezo cha nyingine.

Kisha atasimama mtu wa Candon aseme kwamba mazungumzo haya yote ya mitungi ni anasa, kwa maana mkoa unaendeshwa na tumbaku. Hajakosea. Wahispania walihodhi tumbaku ya Ufilipino tangu 1781 hadi 1882. Mwaka 1954 serikali ya nchi huru ilitunga sheria ya kuilinda tumbaku ya aina ya Virginia, na mwaka 1992 nyingine ikaamuru kwamba mikoa inayoilima ipate asilimia 15 ya kodi inayotozwa sigara zinazotokana nayo. Barabara na majengo mengi ya umma Ilocos Sur yametokana na fedha hizo. Lakini tazama mmea huo unasimama juu ya nini: juu ya sheria tatu za kutoka mbali, moja ya mkoloni na mbili za Manila. Hauingii katika jiko la mtu yeyote mkoani, hauhitaji kasiki, haumpi kazi mvuvi. Unalimwa katika shamba lilelile baada ya mpunga kuvunwa, katika miezi ileile ya kiangazi ambayo vitunguu saumu vingelimwa, na mabanda ya kukaushia majani yake yanakula kuni kama tanuri la mfinyanzi linavyokula. Siku wizara ya afya na wizara ya fedha zitakapokubaliana kuibana sigara zaidi, Candon haitakuwa na jirani wa kuegemea. Simwambii mkulima aing'oe kesho. Ana watoto wa kusomesha. Nasema tu kwamba tumbaku ni mji mmoja bidhaa moja katika ukamilifu wake, na udhaifu wa wazo lenyewe unaonekana hapo kuliko penginepo.

Wengine watauliza kwa nini kijana aliyemaliza sekondari akakande udongo nyuma ya nyati, wakati angeweza kwenda Riyadh au Hong Kong akatuma fedha nyumbani. Swali la haki, na jibu lake haliko kwenye nyimbo za kusifu mila. Liko kwenye bei. Hatakaa kwa sababu ufundi wake ni urithi. Atakaa ikiwa kuna mtu anayehitaji kasiki la lita nyingi kila mwaka na yuko tayari kulilipia zaidi ya pipa la plastiki. Mtu huyo si mtalii. Ni mtengenezaji wa siki wa San Ildefonso. Naye hatanunua kwa huruma. Atanunua akilazimika, au akiwa na faida ndani yake.

Hapo ndipo ninapoona mwanya. Mwaka 2022 Ufilipino ilitoa kanuni za kusajili majina ya bidhaa yanayotokana na mahali, namna ambayo Zanzibar imekuwa ikiifikiria kwa karafuu zake, na maembe ya Guimaras yakawa ya kwanza kupata ulinzi huo. Kanuni za namna hii zikitumiwa ovyo zitarudia kosa lilelile, kila mji ukikimbilia kusajili kilicho chake. Lakini usajili huja na maelezo ya jinsi bidhaa inavyotengenezwa, na maelezo hayo ndiyo yenye nguvu. Siki ya Ilocos inaweza kuandikiwa kwamba haistahili jina hilo isipochachukia ndani ya burnay. Soseji ya Vigan kwamba haistahili jina lake bila siki hiyo na vitunguu saumu vya Ilocos. Bagoong kwamba itiwe chumvi ya pwani ile. Bei zitapanda, ndiyo, na mlaji wa kawaida ataendelea kununua ile ya chupa ya plastiki isiyo na jina. Hakuna ubaya. Kinachotakiwa ni wateja wa kutosha kulijaza tanuri, na Wailokano walioko Hawaii na kwingineko pekee ni soko la kutosha kujaribia.

Maofisa wa mpango wa mji mmoja bidhaa moja wanapenda kupima mauzo ya kila mji kwa wageni. Mimi ningewaomba waongeze safu moja tu kwenye taarifa yao ya mwaka: San Ildefonso imenunua makasiki mangapi Vigan, Vigan imenunua siki kiasi gani San Ildefonso, na ni kilo ngapi za vitunguu saumu zilizotoka Sinait bila kuvuka mpaka wa mkoa.